Uvimbe wa gegedu la krikoidi: je, ni lazima zoloto lote liondolewe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mzee wangu ana miaka 66. Sauti yake inakwaruza kwa karibu mwaka na nusu sasa, na siku hizi akipanda ngazi anahema huku akitoa mluzi kooni. Alitibiwa pumu kwa miezi mingi bila nafuu. Walipompitishia kamera puani waliona uvimbe wa mviringo chini ya nyuzi za sauti. Kinyama kilichukuliwa mara mbili na majibu yote yakasema utando ni wa kawaida. CT skani imeonyesha uvimbe wa sentimita 3 nyuma ya gegedu la krikoidi (pete ya gegedu iliyo chini ya zoloto), una chokaa ndani yake. Kinyama cha tatu kimeandikwa "uvimbe wa gegedu, kondroma au kondrosakoma ya daraja la 1". Tumeambiwa zoloto lote liondolewe haraka. Je, ni saratani? Kwa nini vipimo vya kwanza havikuona kitu? Na hakuna njia ya kumwachia sauti yake?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Uvimbe wa aina hii unamtishia mgonjwa zaidi kwa kuziba njia ya hewa kuliko kwa kusambaa mwilini, kwa hiyo ni vizuri mtenganishe mambo mawili ambayo inaonekana mmeambiwa kwa pamoja. Suala la hewa halisubiri. Suala la kiasi gani cha zoloto kiondolewe linaweza kusubiri wiki kadhaa, na inafaa lisubiri, mpaka picha na kinyama vimesomwa upya na watu wanaoufahamu ugonjwa huu.

Nianze na hewa. Uvimbe huu hukua kwa miaka, na mwili unazoea kidogo kidogo, ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamebakiwa na nafasi finyu kuliko wanavyodhani. Mtu mzima ambaye njia yake ya hewa imebaki na upana wa milimita 8 hivi huanza kuhema anapojishughulisha. Ikifika milimita 5, mluzi husikika hata akiwa ameketi. Kati ya hali hizo mbili kuna milimita 3 tu, na mafua, kohozi zito, au utando uliovimba baada ya kuchukuliwa kinyama vinaweza kuzimaliza kwa usiku mmoja. Akianza kutoa mluzi akiwa ametulia, akishindwa kulala chali, akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ngozi ya juu ya mfupa wa kifua ikiingia ndani kila anapovuta hewa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Akisinzia katikati ya hali hiyo, msidhani amepumzika. Anachoka, na hewa chafu inajaa mwilini.

Huko hospitali, deksamethasoni ya sindano na adrenalini ya kuvuta hupunguza maji ya utando na kununua muda. Uvimbe wenyewe hauguswi na dawa hizo. Kosa la hatari ni kumpa mgonjwa usingizi mzito na dawa za kulegeza misuli kabla ya kuwa na uhakika kwamba mpira wa kupumulia utapita: misuli ikilegea, kile kijia kilichobaki kinajifunga. Njia salama ni kupitisha mpira mwembamba kwa msaada wa kamera mgonjwa akiwa macho, au kumfungulia tundu la shingoni kwa ganzi ya kawaida. Timu ikumbuke pia jambo moja ambalo ni rahisi kusahaulika kwenye purukushani: mkato wa dharura unaofundishwa kila mahali hupita kwenye utando ulio kati ya gegedu la thairoidi, lile linalotokeza kama kikoromeo, na la krikoidi. Kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa krikoidi, hapo unaweza kuangukia ndani ya uvimbe, au ukaufungua mlango ulio juu ya kizuizi. Tundu lake linatakiwa kuwa chini zaidi, kwenye pete za bomba la hewa, mbali na ukingo wa uvimbe kadiri inavyowezekana. Waombeni waliandike hilo kwa herufi kubwa kwenye faili lake.

Sasa, je, ni saratani? Kwa uzito wa dalili ulizoeleza, jibu la uangalifu ni ndiyo: chukulieni kuwa ni kondrosakoma, yaani saratani ya gegedu, ya daraja la chini (daraja ni kipimo cha ukali wa seli, 1 hadi 3) mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini neno saratani hapa halibebi mzigo uleule mliouzoea. Zaidi ya 90 kati ya kila saratani 100 za zoloto hutokana na seli bapa za utando wa juu. Hizo ndizo zinazofungamana na sigara na pombe, zinazokimbilia tezi za shingo, na ambazo mara nyingi hutibiwa kwa mionzi. Kondrosakoma huota kwenye gegedu lenyewe, chini ya utando. Ni kama 1 kati ya saratani 100 za zoloto, au pungufu. Huwapata zaidi wanaume, wengi wakiwa na umri kati ya miaka 50 na 80, na uhusiano wake na sigara haujathibitishwa. Takriban robo tatu huanzia kwenye krikoidi, hasa bamba lake la nyuma, na nyingi kati ya zilizobaki huanzia kwenye gegedu la thairoidi. Kwa madaraja ya chini, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hawafi kwa ugonjwa huu ndani ya miaka 5. Kusambaa hutokea kwa wachache, na ukisambaa huenda zaidi kwenye mapafu.

Kondroma, yaani uvimbe wa gegedu usio saratani, upo, ila katika zoloto ni nadra kuliko kondrosakoma, na kwa kawaida ni mdogo. Uvimbe wa sentimita 3 kwa mtu wa miaka 66 ukiitwa kondroma unapaswa kutiliwa shaka. Sababu ni jinsi unavyokaa chini ya darubini: kondroma na kondrosakoma ya daraja la 1 zinafanana mno. Mtaalamu wa patholojia anatafuta seli zilizosongamana kupita kawaida, viini viwili ndani ya kishimo kimoja, viini vilivyonenepa, na zaidi ya yote gegedu jipya linalopenya na kula sehemu za zamani za krikoidi zilizogeuka mfupa. Kipande kidogo kisicho na mpaka kati ya uvimbe na mfupa hakiwezi kuonyesha hilo la mwisho. Zaidi ya hayo, sehemu moja ya uvimbe inaweza kuwa daraja la 1 na nyingine, sentimita moja tu pembeni, ikawa daraja la 2. Kwa hiyo daraja lililoandikwa kutokana na kinyama ni la chini kabisa linalowezekana. La kweli hujulikana uvimbe mzima ukishakatwa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Uvimbe huu umefunikwa na utando mzima, mlaini, wenye afya, na chini yake kuna kitu kigumu kama mfupa. Koleo dogo linalopita kwenye kamera hushika utando na kuteleza juu ya uvimbe. Maabara inapoandika "utando wa kawaida" imesema kweli juu ya kile ilichopewa. Majibu ya namna hiyo, mbele ya uvimbe unaoonekana kwa macho, hayana maana kwamba hakuna ugonjwa. Yana maana kwamba kinyama hakikufika mahali pake. Kinyama kinachostahili huchukuliwa chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelala na njia ya hewa ikiwa imelindwa. Utando hukatwa na kuinuliwa kama kifuniko, kisha vipande kadhaa huchukuliwa ndani kabisa kwa koleo imara au kwa leza, kutoka sehemu zaidi ya moja. Mojawapo lazima iwe ile sehemu ambayo CT skani inaonyesha haina chokaa, maana seli kali, kama zipo, hupenda kujificha huko. Daktari makini hutumia nafasi hiyo hiyo kupunguza uvimbe unaoziba: maabara inapata nyama ya kutosha na mgonjwa anaamka akipumua vizuri. Kipimo cha haraka cha barafu wakati wa upasuaji hakitegemewi kwa kutofautisha madaraja haya, kwa hiyo mtu asiamue kuondoa zoloto kwa jibu la dakika 20.

Na lile suala la pumu: ni kosa la kawaida sana kwa ugonjwa huu. Mluzi wa pumu husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi, tena kifuani; wa zoloto husikika wakati wa kuvuta, na baadaye pande zote mbili, ukitokea shingoni. Kipimo cha kupuliza kingeweza kuonyesha tofauti mapema, kwa kuwa mchoro wake unakatwa bapa juu na chini pale ambapo kizuizi ni kigumu na hakibadiliki. Wengine huambiwa uzi wa sauti umepooza bila sababu, kumbe uvimbe umekifunga kiungo kati ya krikoidi na aritenoidi, kigegedu kidogo kinachosogeza uzi wa sauti. Mtu yeyote ambaye uzi mmoja wa sauti hausogei anastahili CT skani ya zoloto yenyewe, pamoja na ile ya kifua.

Picha za mzee zina thamani kuliko karatasi ya majibu, kwa hiyo ombeni nakala kamili kwenye CD au flashi. CT skani inayofaa kupanga upasuaji ina vipande vya unene wa milimita 1 au chini, ina dawa ya mshipani, na imetengenezwa kwa dirisha la mfupa na la nyama laini. Chokaa ndani ya uvimbe huu huonekana kama bisi zilizotawanyika, au vipete na vitao vidogo. Sura hiyo peke yake inatosha kumfanya msomaji wa picha aliyebobea aseme kondrosakoma kabla ya kinyama. MRI inasaidia kuonyesha uvimbe umeishia wapi kwa upande wa nyama laini, kwa kuwa gegedu hilo lina maji mengi na hung'aa sana kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI. Ila MRI huchukua muda mrefu na mgonjwa anayehema hutikisa picha, wala asilazwe chali ndani ya mashine kama kulala chali kunamshinda. PET skani, picha inayowasha seli zinazokula sukari nyingi, inaweza kumdanganya mtu: uvimbe wa daraja la chini hula sukari kidogo na mara nyingine hauwaki. Kifua chake kipigwe CT skani mara moja kabla ya matibabu ili kuwe na picha ya kulinganisha baadaye.

Mkiwa mbele ya daktari, ulizeni mambo matatu yanayosomeka kwenye CT: uvimbe umekula sehemu gani ya mzunguko wa pete ya krikoidi, je, kiungo cha aritenoidi angalau upande mmoja ni kizima, na je, umeshuka hadi kwenye bomba la hewa au umetokeza nyuma kuelekea umio. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama sauti itabaki. Ukubwa wa sentimita 3 peke yake hauamui. Krikoidi ndiyo pete pekee iliyo kamili katika njia nzima ya hewa, na ndiyo inayoishikilia isibanwe. Ikibaki nusu yake imara, zoloto linaweza kusimama. Ikiondoka zaidi ya nusu bila kujengwa upya, njia inaporomoka, na mgonjwa atabaki na tundu la shingoni milele huku zoloto alilohifadhiwa halimfai kitu.

Tiba ni upasuaji, na aina zake zinapishana sana. Uvimbe mdogo, au ule unaotokeza ndani ya njia ya hewa, unaweza kuchimbwa kupitia mdomoni kwa leza ya CO2 na mashine ya kusaga. Sauti inabaki, na mgonjwa hurudi nyumbani baada ya siku chache. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi mabaki huachwa kwenye ganda la krikoidi, leza inahangaika kwenye sehemu zilizogeuka mfupa, na utando ukichubuliwa mzunguko mzima kovu hubana njia upya. Daktari anayeujua mchezo huu huacha ukanda wa utando mzima upande mmoja. Wapo wagonjwa wanaorudia utaratibu huo kila baada ya miaka kadhaa na kuishi vizuri, na kwa mtu mzima mwenye daraja la 1 hiyo ni tiba halali kabisa.

Kwa uvimbe kama wa mzee wako, uliotulia upande wa nyuma, kuna njia ya kati. Gegedu la thairoidi hupasuliwa katikati kwa mbele kama kitabu kinachofunguliwa, utando wa nyuma huinuliwa, uvimbe huondolewa pamoja na sehemu ya krikoidi, na utando hurudishwa. Pengo likiwa kubwa hujazwa kwa kipande cha gegedu la ubavu, au bomba la hewa huvutwa juu na kushonwa kwenye thairoidi. Ipo pia mbinu iliyokuzwa Leuven, Ubelgiji, ambapo sehemu ya bomba la hewa la mgonjwa mwenyewe hufungwa kwa tishu yenye mishipa ya damu kutoka mkononi, kisha katika upasuaji wa pili huhamishiwa juu kuziba nafasi ya nusu ya krikoidi. Upasuaji huu wa kuhifadhi una gharama yake mwilini: tundu la shingoni la muda, mpira wa kulishia, na wiki kadhaa za kujifunza kumeza upya, kwa sababu chakula hupenda kupotelea kwenye mapafu. Neva inayosogeza nyuzi za sauti hupita nyuma tu ya kiungo kati ya krikoidi na thairoidi na inaweza kuumia. Mzee akiwa na mapafu mabovu, kiharusi cha zamani au kikohozi dhaifu, kuhifadhi zoloto kunaweza kumletea homa za mapafu mfululizo. Pimeni mapafu yake na namna anavyomeza kabla ya kuchagua, kwa sababu hapo ndipo mipango mizuri ya karatasini huharibika.

Kuondoa zoloto lote ni uamuzi sahihi pale ambapo zaidi ya nusu ya krikoidi imeliwa na haiwezi kujengwa, viungo vyote viwili vya aritenoidi vimeharibika, uvimbe ni daraja la 3 au umegeuka kuwa sakoma kali, au umerudi tena na tena. Kwa daraja la 1 ambalo halijavuka mipaka hiyo, sioni sababu ya kuanza nalo. Uchambuzi mkubwa wa wagonjwa 111 uliochapishwa mwaka 2002 ulielekea kwenye msimamo huo huo wa kuanza na upasuaji unaohifadhi sauti. Hoja yake ni hii: uvimbe wa daraja la chini ukirudi baada ya upasuaji mdogo, bado zoloto linaweza kuondolewa wakati huo bila mgonjwa kupoteza nafasi yake ya kuishi. Miaka aliyokaa na sauti yake ni faida tupu. Kusafisha tezi za shingo hakuhitajiki, kwa sababu ugonjwa huu hauendi huko isipokuwa mara chache mno. Mkiona limeandikwa kwenye mpango, ulizeni sababu.

Na ikibidi zoloto litoke, mzee hatabaki bubu. Vali ndogo ya silikoni huwekwa kati ya bomba la hewa na umio. Anaziba tundu kwa kidole, hewa inapita kwenye vali, ukuta wa umio unatetemeka, na maneno yanatoka. Vali hiyo huchakaa, hasa kwa fangasi, na hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Dalili ya kwanza ni kukohoa anapokunywa maji. Wapo wanaotumia kifaa cha umeme kinachobandikwa shingoni. Kuanzia hapo anapumua kupitia shingo pekee, hivyo atavaa kichujio cha kuhifadhi unyevu, na watu wa nyumbani wajue kwamba oksijeni au pumzi ya msaada huwekwa kwenye tundu, kamwe si mdomoni.

Kuhusu mionzi na kemotherapi, naweza kusema kwa ufupi. Gegedu halisikii mionzi vizuri, na mionzi mikubwa juu yake inaweza kuliua na kuleta kidonda kisichopona. Huwekwa akiba kwa uvimbe usioweza kukatwa, kwa mabaki ya daraja la juu, au kwa mgonjwa asiyeweza kustahimili upasuaji. Kemotherapi haina kazi kwa daraja la 1 na la 2. Mtu akimwandikia mzee dawa hizo kwa majibu mliyo nayo sasa, tafuteni maoni ya pili.

Maoni ya pili mnayahitaji hata hivyo. Ombeni maabara iwape vipande vya nta vilivyohifadhi kinyama pamoja na vioo vya darubini, vipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia anayesoma uvimbe wa mifupa, na avisome akiwa na CT mkononi. Kwa upande wa upasuaji, tafuteni kituo kinachofanya upasuaji wa kupanua bomba la hewa, sio tu wa saratani za koo. Ujuzi wa kujenga upya krikoidi uko kwa hao. Kama njia ya hewa imebaki nyembamba wakati mnasubiri, tundu la shingoni la muda au kupunguza uvimbe kwa leza kutampa usalama bila kufunga mlango wowote wa baadaye.

Baada ya upasuaji wowote, ufuatiliaji ni wa maisha. Katika ripoti nyingi uvimbe hurudi mahali pale pale kwa mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 5, idadi ikiwa kubwa zaidi kwa waliohifadhiwa zoloto, na kurudi huko kunaweza kutokea baada ya miaka 10 au zaidi. Ratiba ya busara ni kamera kila miezi 3 hadi 4 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka, pamoja na CT au MRI ya shingo na picha ya kifua kila mwaka. Picha ya shingo ya kulinganishia ipigwe miezi 3 hivi baada ya upasuaji, utando ukishapona, kwa sababu krikoidi iliyochimbwa haifanani tena na ya kawaida na msomaji wa picha asiye na ile ya mwanzo anaweza kuliita kovu uvimbe, au uvimbe kovu. Nakala ya picha hiyo mkae nayo nyumbani, na muende nayo kila miadi.